Minazi kwenye tovuti ya mawese

Juni 2024 mama mdogo alinipigia saa mbili usiku, salamu haikumaliza hata sekunde kumi, akasema "baba, we si unajua mambo ya kompyuta, nitengenezee kitu cha intaneti, nimechoka kutuma picha." Mama mdogo anauza dagaa na mawese Ujiji, alianza biashara hiyo mi bado navaa kaptula ya shule, na wateja wake wengi wako Dar na Dodoma, wanaagiza kwa WhatsApp, anafungasha, mzigo unapanda basi. Sasa kila mteja mpya anaomba picha, anatumiwa, anapotea, anarudi baada ya mwezi anaomba tena picha zilezile. Alichotaka ye ni linki moja tu ya kumtupia mtu.

Mi nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma mjini. Natoa kopi, napiga paspoti saizi, natengeneza kadi za harusi, mialiko ya maulidi, mabango ya kipaimara. Kwa hiyo nikajiona grafiki naziweza, zinishinde nini. Bei nikamwambia mama mdogo hakuna bei, we mama yangu, utanipa debe la dagaa yaishe. Hapo ndo nilipojichongea, maana kazi ya debe la dagaa ilinila miezi mitatu.

Tatizo la kwanza lilikuwa ziwa lenyewe. Mwaka ule uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, na hiyo ni kwetu na kwa majirani wenzetu wa ziwa. Mama mdogo dagaa wa kuuza alikuwa nao, wakavu, kwenye magunia, ila ile picha ambayo kila mtu anaitaka, dagaa wametandazwa asubuhi kwenye vichanja wanang'aa kama mtu kamwaga sarafu, hiyo huipati ziwa likifungwa. Mwalo wa Kibirizi ulikuwa kimya, mitumbwi imegeuzwa matumbo juu. Nikasema sio kesi, picha zimejaa mtandaoni.

Nikaingia kwenye zile tovuti za picha za bure, unazijua, Unsplash, Pexels, hizo. Nikaandika mawese kwa Kiingereza. Zikaja nyingi, nzuri hatari, nikachagua moja ya miti mirefu inapepea pembeni ya maji, jua linazama, rangi ya machungwa kila mahali, nikasema hii hii, hata rangi inaendana na mawese. Nikaifanya bango la juu, nikaandika jina la biashara katikati kwa maandishi meupe yenye mikia, nikamtumia linki.

Akapiga. "Hii Bagamoyo?"

"Hapana mama mdogo, hiyo ndo ya mawese."

"Mawese wapi mwanangu, hii minazi." Kimya kidogo, najua anaikuza kwa vidole viwili. "Hizi nazi hizi, naziona kabisa. Mtu wa Dar akiona hivi si atasema huyu mama anauza nini, madafu?"

Nikaangalia. Minazi. Yani mi mtoto wa Kigoma, nimekua natafuna chikichi, mchikichi upo nyuma ya choo cha bibi, na nimeweka minazi. Baadae nikaelewa kilichonipata. Kiingereza kina neno moja, palm, linabeba mnazi, mchikichi na mtende wote kwa pamoja, sisi Kiswahili kimewatenga kama watoto wa mama tofauti, kwa hiyo ukitafuta picha kwa neno la Kiingereza mashine inakuletea ukoo mzima na ye haoni kosa lolote. Aliyepakia ile picha alikuwa ufukweni sehemu fulani anakunywa juisi, hakuwa na habari ya mafuta.

Nikatoa minazi. Kumbe nimebakiza bomu lingine. Picha ya dagaa niliyoweka mama mdogo hakuigundua kwa sababu simu yake ina kioo kimepasuka kona, lakini mteja wake mmoja wa Tabata aliigundua ndani ya dakika tano, akaandika "mama hawa si dagaa wa Mwanza? Umeanza kutuletea mchanga?" Na kweli, walikuwa wadogo, wameanikwa chini. Kama hujui, dagaa wa Kigoma na dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki tofauti kabisa, wetu ni aina mbili, zile ambazo wataalamu wanaziita Stolothrissa na Limnothrissa, na mtu anayetoa hela zaidi kununua wa Kigoma anaijua sura yao kama anavyoijua sura ya shemeji yake. Mama mdogo aliwajibu wateja siku mbili nzima. Mi nilijificha steshenari, simu nimeweka sailensi.

Nilichojifunza hapo sikukipata kwenye mafunzo yoyote ya YouTube, maana wale wanakufundisha uchague picha "ya kuvutia". Mtu anayenunua dagaa kutoka kilomita zaidi ya elfu moja hatafuti kuvutiwa, anatafuta mahali pa kukukamata. Anaangalia saizi, anaangalia kama wamekatika vichwa, anaangalia mchanga, anaangalia nyuma ya picha kuna nini. Ukimuwekea picha ya mtu mwingine umemdanganya hata kama we hukujua, na kwenye biashara ya chakula hilo halisameheki haraka.

Na tusisahau sheria, ingawa najua hapa watu wengi mtaruka. Picha kuonekana Google haimaanishi ni ya bure. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo, na picha ina mwenyewe kama wimbo ulivyo na mwenyewe. Zile zenye leseni za Creative Commons nazo zina masharti yake, CC BY unataja aliyepiga, ikiwa na NC huruhusiwi kwenye biashara, CC0 ndo mwenyewe kaachia. Mi kabla ya hapo nilikuwa nachota tu, kadi za harusi ngapi nimeweka maua ya watu, sijui.

Haya, tuje kwenye uzito, hapa ndo aibu yenyewe ilipo.

Mtu wa steshenari amezoea karatasi. Kwenye karatasi ukitaka bango litoke safi unaweka nukta 300 kwa inchi, faili linakuwa kubwa, haina shida, linatoka kwenye flashi linaingia kwenye printa, nani anahesabu. Mi nikapeleka tabia hiyo kwenye tovuti. Bango la juu nililitengeneza saizi ya A3, nukta 300, nikalisevu PNG, aina ya faili la picha lisilotupa kitu, likawa MB 22. Chini yake picha nane nilizopiga kwa simu, za magunia, vidumu, duka, mama mdogo mwenyewe na kitenge chake kipya, kila moja kama MB 4, zimepandishwa vilevile zilivyo. Piga hesabu, 22 na 32, MB 54. Kwenye steshenari nina waifai, ukurasa ulikuwa unafunguka papo hapo, najisifu.

Mteja wa Dodoma akamwambia mama mdogo ukurasa wako unakula bando. Sikuamini mpaka nilipoenda Ujiji nikaufungua kwa simu ya mama mdogo mwenyewe, kalaini ka 3G, nikakaa kwenye gunia nasubiri. Kipande cha juu kikatokea. Kikashuka kidogo. Mteja akaja akanunua dagaa wa elfu tano, akalalamikia bei, akaondoka, bango bado halijafika kwenye herufi ya pili. Ukichukulia mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, MB 54 ni dakika tatu na nusu na zaidi, na nani atakusubiri dakika tatu na nusu kwa ajili ya dagaa ambao hata hajaamua kununua.

Kumbe kwenye skrini ile habari ya nukta 300 haina maana hata kidogo. Skrini inahesabu pikseli tu. Simu ikipiga picha ya megapikseli 12 inakupa upana wa pikseli 4000 na urefu 3000, wakati simu ya mtu anayeiangalia kioo chake kina upana wa pikseli 720 au 1080. Yani unamtumia mtu kitanda cha sita kwa sita akakiweke kwenye chumba cha futi tano. Brauza inakipokea chote, inakulipisha bando lote, alafu inakiminya kiingie.

Nikakata zote ziwe upana wa 1200, nikazibana ubora ukawa kwenye 75 kwa 100 hivi, jicho langu halikuona tofauti na mi najiona mtu wa macho. Picha moja ikatoka MB 4 ikawa KB 150. Ukurasa mzima ukawa MB 1.3, sekunde tano sita kwenye mtandao uleule wa kwenye gunia. Nilitumia Squoosh, ni ya bure, inafanya kazi ndani ya brauza na inakuonyesha picha mbili ubavu kwa ubavu, ya zamani na iliyobanwa, unavuta kamstari katikati unalinganisha mwenyewe. GIMP, programu ya bure ya kurekebisha picha, nayo inafanya vizuri kama una kompyuta ya kuivumilia.

Kuna mtu atauliza huko kubana kunafanyikaje. Mi nilivyoelewa ni kwa kufikiria Liemba. Ile meli iliundwa Ujerumani, Papenburg, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kwa bahari mpaka Dar, ikapanda reli, ikaja kuunganishwa hapahapa Kigoma na kushushwa majini 1915. JPEG, lile faili ambalo simu nyingi zinasevia picha, nayo inaikata picha vipande vidogo vya pikseli 8 kwa 8, inakipima kila kipande, alafu simu ya mteja inaviunganisha upya kule mwisho. Tofauti ni kwamba JPEG njiani inatupa vitu, vile vidogo vidogo ambavyo jicho la binadamu haliwezi kuvigundua, na ukiizidisha inatupa na visivyofaa kutupwa, ndo unaona picha imekuwa na viboksi viboksi. Na kila ukiifungua ukaisevu tena inatupa tena, kwa hiyo picha mama iweke pembeni usiiguse, fanyia kazi kopi. Mi nilipoteza picha moja nzuri ya bibi kwa ujinga huo, niliisevu labda mara kumi na tano narekebisha mwanga, mwisho bibi akaonekana kama amechorwa kwa tope.

Nembo ni habari nyingine. Nembo ukiisevu JPEG inazungukwa na vumbi, kama kunguni kwenye mshono wa godoro, pembeni ya kila herufi, na inakuja na boksi jeupe nyuma yake ambalo likikaa juu ya rangi nyingine linaonekana kama kiraka. Vitu vya rangi chache zilizonyooka na maandishi viweke PNG, inashika kila pikseli ilivyo na inaruhusu nyuma pawe wazi. Picha za kamera ndo JPEG, au WebP, ambayo Google waliitoa 2010 na siku hizi brauza zote kubwa zinaifungua, inakuwa nyepesi zaidi ya JPEG kwa ubora uleule. GIF waachie vikatuni, rangi zake ni 256 tu.

Ila nembo ya mama mdogo sikuiweka hata PNG. Kwanza nilimtengenezea moja na sokwe, nikasema Gombe iko hapo jirani, dunia nzima inaijua Kigoma kwa sokwe, akanitazama akaniuliza, "nauza sokwe?" Nikakaa nayo wiki. Siku moja nikiwa Kibirizi nimeenda kwa mambo mengine kabisa nikaona fundi anaandika jina ubavuni mwa boti, brashi moja, kopo la rangi nyekundu na kopo la nyeupe, hana rula, herufi zinanenepa chini na kukonda juu na kila moja ina kivuli upande wa kushoto. Herufi zile ukizaliwa Kigoma umezijua kabla hujajua kusoma. Nikamlipa aniandikie jina la biashara kwenye kipande cha mbao, nikalipiga picha limenyooka, nikaliingiza kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, nikalifuata kwa mistari mpaka likawa SVG. SVG haibebi pikseli, inabeba maelezo ya mistari, anzia hapa pinda pale jaza nyekundu, ndo maana ukiikuza hata iwe ukubwa wa ukuta wa godauni haichakai, na uzito wake KB 6. Mama mdogo alipoiona hakusema nzuri wala mbaya. Alisema "hii ni ya huku." Ile mbao kaichukua, ameitundika dukani, fundi nae kapata oda mbili kwa ajili hiyo.

Maandishi meupe yenye mikia nayo nikayafuta. Nenda kasome kitu chochote cheupe juu ya rangi ya machungwa saa saba mchana pale stendi, utaniambia. Kuna kipimo cha watu wa viwango vya wavuti, W3C, wanataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma iwe angalau 4.5 kwa 1, na rangi ya machungwa ya mawese na nyeupe haifiki hapo. Nikageuza, maandishi ya kahawia iliyokolea karibu nyeusi, nyuma rangi ya maziwa. Naipimaga hivi, natoka nje ya steshenari naingia juani, nashika simu kwa urefu wa mkono bila kuongeza mwanga. Nikishindwa kusoma, mteja nae kashindwa.

Agosti 15 ziwa likafunguliwa. Nikakodi kamera ya rafiki, tarehe 20 alfajiri niko mwaloni na betri mbili. Vichanja vitupu. Nikamuuliza mzee mmoja anashona wavu, shikamoo mzee, marahaba, dagaa vipi leo, akanyoosha kidole juu hata hakusema. Mwezi. Jana yake ulikuwa mpevu, mkubwa kama sinia, na dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu. "Rudi giza," akasema. Mtu aliyezaliwa mjini anajua kutumia GIMP ila hajui mwezi uko wapi.

Nikarudi mwanzoni mwa Septemba. Safari hii walikuwepo, wengi mno, na picha mia za kwanza zote nilizitupa. Kamera ikiona vile vitu vinavyong'aa inapigwa butwaa, ukiiachia ijiamulie, wakina mama wanaoanika wanatoka weusi tii hawana macho wala pua, ukigusa uso kwenye kioo ili iupime uso, dagaa wanaungua wanakuwa karatasi nyeupe. Dawa ilikuwa kuwahi. Huku kwetu jua linatokea nyuma ya vilima, kwa hiyo kuna kama nusu saa hivi, saa moja na nusu mpaka saa mbili asubuhi, mwanga umeshafika mwaloni lakini bado unakuja kwa ubavu na haujawa mkali, hapo uso unaonekana na dagaa mmoja mmoja anaonekana, mpaka ule mstari wake wa fedha. Baada ya saa tatu funga kamera ukanywe chai. Milima ya Kongo ng'ambo nilitamani itokee nyuma, haikutokea, Septemba moshi na vumbi vinameza kila kitu upande ule.

Na kitu kingine, picha zitoe kwenye kamera kwa waya au kadi. Mi nilizituma kwa WhatsApp kwenda steshenari kama picha za kawaida, zikafika zimeshaminywa na kunyongwa, alafu nikazibana tena mwenyewe. Ukilazimika, tuma kama dokumenti.

Tukakaa kuchagua, mi na mama mdogo, kwenye laptopu, picha 60. Mi zangu zilikuwa tayari kichwani, machweo, mtumbwi mmoja peke yake, maji kama kioo. Akazipita zote kama anapekua vitenge asivyovitaka. Akasimama kwenye moja ambayo mi niliipiga kwa bahati mbaya wakati najaribu kamera, mkono wake mwenyewe, umejaa dagaa, na pembeni mizani ya duka, sindano imesimama kwenye kilo. Kucha ina hina iliyoanza kufutika. "Weka hii juu," akasema. Nikamwambia mama mdogo imekaa upande, akasema "mtu anataka kujua mkono wangu unajaza kiasi gani." Nikaiweka. Kwenye yale maelezo ya picha ambayo simu inamsomea mtu asiyeona, na ambayo yanatokea picha ikigoma kufunguka, nikaandika: dagaa wakavu wa Kigoma kwenye kiganja, mizani inaonyesha kilo moja. Hapo watu huwa wanaandika "picha 1" au wanaacha wazi.

Yule wa Tabata aliyesema Mwanza ndo alikuwa wa kwanza kuagiza kupitia linki mpya. Aliuliza swali moja tu, kama hina ni ya harusi ya nani.

Kilichonishinda mpaka leo ni mawese. Kidumu cha lita tano kwenye picha kinatoka kahawia, kama oili chafu ya pikipiki, na macho yangu yananiambia ni nyekundu ya machungwa. Nimebadilisha upimaji wa rangi ya mwanga, nimeweka kitambaa cheupe nyuma, nimepiga kivulini na juani. Ikikaa vizuri kwenye simu yangu, kwenye simu ya mama mdogo inakuwa ya waridi. Juzi jirani akaniambia tatizo ni kidumu, plastiki ya njano inaharibu, mimina kwenye glasi nyembamba uisimamishe dirishani jua lipite katikati. Glasi nimeshaosha. Nasubiri mawingu yaondoke.